Je, Wajua? Meno ya Hamsta Hukua Maisha Yake Yote

Mtoto wa hamsta huzaliwa baada ya mimba ya siku 16 hivi. Hana manyoya, haoni, hasikii, ngozi yake ni nyekundu tupu. Lakini ukimfunua mdomo utakuta meno ya mbele yameshatoka. Tangu siku hiyo mpaka anakufa, miaka miwili au mitatu baadaye, meno hayo hayaachi kukua. Kwa mnyama anayeishi kwa kuguguna hiyo ni neema kubwa, lakini mfugaji asipoyaangalia, meno hayohayo yanaweza kumuua.

Hamsta ni mgugunaji, jamaa wa mbali wa panya, kindi, ndezi na nungunungu. Anayefugwa zaidi ni hamsta wa dhahabu, ambaye kwao ni mashamba ya nafaka karibu na mji wa Aleppo, Syria. Mwaka 1930 mwanazoolojia Israel Aharoni alifukua shimo katika eneo hilo, akampata mama na watoto wake, akawapeleka Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Hamsta wengi wa dhahabu waliomo majumbani na maabara za dunia leo ni uzao wa wanyama hao wachache. Porini hamsta hutoka shimoni, akaokota mbegu na kuzishindilia katika vifuko vya mashavu vinavyofika hadi mabegani, kisha akazipeleka ghalani chini ya ardhi. Panya buku, wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, nao wana vifuko vya namna hiyo.

Hamsta ana meno 16: manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, na magego 12. Chonge hana, na kati ya meno ya mbele na magego pana pengo. Anapoguguna, ngozi ya mashavu huingia penye pengo hilo na kuziba, hivyo vipande vya mti au maganda hudondoka nje badala ya kwenda kooni. Magego yake yana mizizi kama yetu na hayaendelei kukua. Yanayokua ni yale manne ya mbele tu, na ya chini huwa marefu zaidi kuliko ya juu.

Jino la mbele la hamsta limevaa enameli upande wa mbele peke yake. Nyuma yake ni dentini, ambayo ni laini zaidi na huisha upesi, kwa hiyo ncha hubaki imechongoka kama patasi inayojinoa yenyewe. Enameli hiyo ina madini ya chuma, ndiyo maana meno ya hamsta mkubwa huwa ya njano au rangi ya chungwa. Wafugaji wengi wapya hudhani ni uchafu wakataka kuyasugua. Si uchafu, ni dalili ya uzima. Wadogo huwa na meno meupe, rangi huja wanapokua. Wa kutiliwa shaka ni hamsta mkubwa ambaye meno yake yamegeuka meupe na yanavunjika ovyo.

Kinachoyazuia meno haya yasipitilize ni meno yenyewe. La juu humsugua mwenzake wa chini, la chini humsugua wa juu, na chakula kigumu husaidia kazi hiyo. Jino moja likivunjika, likipinda au likikosa kukutana na lililo mkabala wake, msuguano hukoma, lakini ukuaji haukomi. Jino la juu hujikunja kuelekea ndani hadi likachoma kaakaa au shavu. La chini hupanda likiupita mdomo, likielekea puani. Wapo wanaozaliwa na taya lililokaa vibaya. Wengine huanguka kutoka mikononi mwa watoto au juu ya meza. Wengine hujiharibu wenyewe kwa kuguguna nyaya za kizimba usiku kucha kwa sababu kizimba ni kidogo na hawana shughuli nyingine.

Dalili hazijitangazi. Hamsta ni mnyama wa kuwindwa na wanyama wengine, kwa hiyo huficha maumivu. Ataendelea kuijongelea sahani na hata kujaza vifuko vyake, nawe utaamini amekula, kumbe anahamisha tu. Angalia mambo haya: kidevu kuwa na mate, kuchagua vyakula laini na kuacha mbegu ngumu, jicho kutoa machozi, uso kuvimba, mdomo kunuka, na zaidi ya yote kupungua uzito. Hamsta wa dhahabu aliyekomaa huwa na gramu 100 hadi 150, hivyo gramu 15 tu ni sehemu kubwa ya mwili wake. Mzani mdogo wa jikoni utakuonyesha tatizo kabla macho yako hayajaliona.

Meno yakishapita kiasi, usichukue kikata kucha. Jino likibanwa hupasuka kwa urefu, ufa ukashuka hadi ndani ya ufizi, na jipu huota huko. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua wanyama wadogo. Yeye hutumia kifaa kidogo cha kusaga, mara nyingi baada ya kumlaza mnyama kwa dawa ya kuvuta. Taya likiwa limepinda kwa kuzaliwa, kazi hiyo itarudiwa kila baada ya wiki chache, au meno yenyewe yang'olewe. Hamsta asiye na meno ya mbele anaweza kuishi vizuri akikatiwa chakula vipande vidogo.

Magego nayo yana adui yake, sukari. Mwaka 1960 mtafiti wa Marekani Paul Keyes aliwatumia hamsta kuonyesha kwamba kuoza kwa meno huambukizwa. Hamsta ambao meno yao hayakuwa yakioza hata wakila sukari walianza kuoza meno walipokaa kizimba kimoja na wenye meno mabovu. Kilichohama ni bakteria. Baadhi ya mambo tunayoyajua leo kuhusu meno ya watoto wetu yalijengwa juu ya vinywa vya wanyama hawa, basi hakuna sababu ya kuwapa biskuti na peremende.

Ukimfuga hamsta, mpe chakula kikavu chenye mbegu na vidonge vigumu, pamoja na vijiti vya mtofaa visivyopakwa rangi wala dawa. Epuka mierezi na misonobari, mafuta yake huwadhuru. Mpe kizimba kikubwa chenye matandiko mengi ya kuchimba, asipate haja ya kuzishambulia nyaya. Mara moja kwa wiki mpime uzito, kisha mwekee punje ya alizeti juu ya kiganja chako na umtazame mdomo anapoipokea: meno manne, yamenyooka, hayajavunjika, yanakutana. Ukiona tofauti, usingoje wiki ijayo. Mwili mdogo kama huo hauna akiba ya kuhimili siku nyingi bila kula.