Mcheza Kwao Hutunzwa: Baleti Katika Mtaa wa Harlem

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Je, mtu anayecheza ngoma ambayo watu wake hawakuwahi kukaribishwa uwanjani mwake, kwao ni wapi? Swali hili linajitokeza katika historia ya kundi la Dance Theatre of Harlem la New York, Marekani.

Baleti ni densi ya jukwaani iliyochipuka katika makasri ya Italia na Ufaransa, kisha ikastawi Urusi. Nchini Marekani, watu weusi walifungiwa milango yake kwa kisingizio kuwa maumbile yao hayaiafiki. Arthur Mitchell, mzawa wa Harlem, alijiunga na New York City Ballet mwaka wa 1955 na hatimaye akawa mchezaji mkuu. Mwaka wa 1957, George Balanchine alimtungia densi ya watu wawili katika Agon, akicheza na Diana Adams, mwanamke mzungu. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa, kwani wakati huo ubaguzi ulikuwa ungali sheria katika majimbo ya kusini.

Martin Luther King alipouawa Aprili 1968, Mitchell aliazimia kurudi nyumbani. Mwaka wa 1969, yeye na mwalimu wake, Karel Shook, waliasisi shule pamoja na kundi la wachezaji. Madarasa ya awali yalifanyiwa katika gereji, milango ikiachwa wazi ili wapita njia watazame. Wanafunzi 30 wa mwanzo waliongezeka hadi 400 katika muda wa miezi michache.

Mafunzo yenyewe hayana njia ya mkato. Mwanafunzi huanza akishikilia mwamba uliofungwa ukutani, akikunja magoti na kunyoosha nyayo, miguu ikiwa imegeuzwa nje kutoka nyongani. Baadaye huuacha mwamba na kuingia katikati ya ukumbi kwa mizunguko na miruko. Hata mchezaji aliyekwisha kubobea huyarudia mazoezi hayo ya msingi kila siku.

Kuhusu maleba, desturi ya baleti ilikuwa soksi na viatu vya rangi ya waridi, rangi iliyokusudiwa kushabihi ngozi ya wazungu. Katika miaka ya 1970, kundi hili liliamua kwamba soksi na viatu vilandane na ngozi ya kila mchezaji. Viatu vilipakwa rangi kwa mkono, maana madukani havikuwapo.

Hazina ya michezo ya kundi hili ina sura mbili. Kwa upande mmoja, kuna kazi za Balanchine kama vile Serenade na Agon. Kwa upande mwingine, kuna kazi zilizopewa mandhari mapya. Giselle, iliyochezwa kwanza Paris mwaka wa 1841, ni kisa cha msichana wa kijijini anayehadaiwa na mwana wa ukoo bora. Mwaka wa 1984, Mitchell aliihamishia Louisiana ya miaka ya 1840, miongoni mwa watu weusi huru ambao hadhi yao ilipimwa kwa umbali wa vizazi baina yao na utumwa. Miondoko ya asili ilihifadhiwa. Kilichogeuka ni jamii inayosawiriwa. Hivyo, tofauti za kitabaka zilipata maana mpya kwa hadhira.

Mwaka wa 2004, mzigo wa madeni ulililazimu kundi kusimamisha maonyesho. Hata hivyo, shule iliendelea kufunza watoto wa mtaa huo. Mwaka wa 2012, kundi lilirejea jukwaani chini ya Virginia Johnson, mmoja wa wachezaji wake waasisi. Mitchell alifariki mwaka wa 2018, na mwaka wa 2023 Robert Garland, aliyekuwa mchezaji mkuu wa kundi hilo, akashika uongozi wa sanaa.

Kitenzi "kutunzwa" kina maana mbili: kupewa tuzo na kuangaliwa kwa uangalifu. Tuzo Mitchell alizipata hata ugenini. Utunzaji wa maana ya pili ndio aliourudia Harlem, na shule iliyobaki wazi wakati jukwaa lilipokuwa tupu ndiyo ithibati yake.