Sadaka ya simu na senti za mjane

Leo nazungumzia sadaka, na tafadhali usizime redio, sichangishi.

Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya, Machi 2007, pesa zimekuwa zikihama mifukoni na kuingia simuni. Kinyozi ana namba, mama mboga ana namba, makanga wa matatu naye anayo. Kanisa nalo likafuata. Korona ilipofunga nyumba za ibada Machi 2020, hata wazee walioiita simu mtego wa ibilisi waliikariri namba ya malipo ya kanisa kabla hawajajua kuvaa barakoa sawasawa. Milango ikafunguliwa Julai mwaka ule, watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja, lakini namba ilikuwa imekwisha kuzoeleka.

Zamani mtu alisahau pochi nyumbani. Siku hizi "mtandao unasumbua". Mlio wa simu humtangulia mchungaji kusema Amina. Na tangu 2019 kuna Fuliza, basi muumini aweza kumtolea Mungu shilingi 200 alizokopa dakika ile ile. Bwana hupokea Jumapili, naye mkopeshaji hujikatia chake, pamoja na ada, mara hela yoyote inapoingia.

Haya tunacheka. Lakini kikapu kilikuwa na hekima yake. Mkono uliingia umekunjwa, na ndani ya ngumi huenda mlikuwa na noti ya elfu au sarafu ya shilingi 10, ile yenye simba. Jirani hakujua. Simu haina ngumi. Huacha kumbukumbu: nani, kiasi gani, saa ngapi. Niliwahi kuabudu mahali ambapo orodha ile ilisomwa mbele ya watu. Aliyetuma 5,000 alipigiwa makofi. Mama mmoja aliyetuma 30 alisomwa harakaharaka, na Jumapili iliyofuata hakuonekana.

Maandiko ya kale ya Kiyahudi yasema Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na masanduku 13 ya sadaka, yenye umbo la tarumbeta. Hebu fikiri kelele ya fedha za tajiri zikiteremka humo! Katika Marko sura ya 12, Yesu ameketi akitazama, na mjane maskini anatia sarafu mbili, ndogo kuliko zote. Hakumwita asimame mbele, wala jina lake hatukuambiwa. Aliwaita wanafunzi kando akawafundisha hesabu nyingine, ya kuangalia kilichobaki mfukoni. Kwa mjane hakikubaki kitu. Tumaini langu liko hapo, msikilizaji: aliyeziona senti mbili katikati ya makelele yale anausoma pia ujumbe wa shilingi 30, na hahitaji mweka hazina amsomee.

Kwa hiyo niliwaomba wazee wa kanisa letu mambo mawili: majina yasisomwe, na kikapu kiendelee kupita, maana wapo ajuza wasio na simu na watoto wenye shilingi tano. La kwanza walikubali pale pale. La pili, mzee mmoja aliuliza kwa nini tuzungushe kikapu kitupu. Tulikijaribu Jumapili iliyopita. Kilirudi na sarafu kumi na saba, noti moja iliyokunjwa mara nne, na kifungo cha shati.