Mchele upo, chuma kinatoka mbali: biashara ya vikaango vya vitumbua Ifakara

Mpika vitumbua wa Lipangalala hahangaiki kutafuta mchele. Kata hii ya mji wa Ifakara imo katika Bonde la Kilombero, moja ya ghala kubwa za mpunga Tanzania, na mashine za kukoboa huacha chenga tele. Chenga ni rahisi kuliko mchele mzima, na zikilowekwa usiku kucha na kusagwa pamoja na tui la nazi, hamira na hiliki, hakuna mlaji atakayezitofautisha. Kikwazo chake ni chombo. Kitumbua hakiiviki kwenye sufuria wala karai. Kinataka kikaango cha mashimo, na vikaango vingi vinavyouzwa bondeni huletwa na wachuuzi kutoka Morogoro na Dar es Salaam.

Mahesabu ya biashara hii yanaanzia kwenye mashimo hayo. Tuchukue mfano wa kikaango chenye mashimo saba, ambapo kila mkupuo huchukua dakika sita kwa pande zote mbili. Kwa saa moja vinatoka vitumbua 70, na kwa saa tatu za wateja wa chai, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, vinatoka 210. Kikaango chepesi kinachopoa kila rojo linapomiminwa, na hivyo kuongeza dakika mbili kwa kila mkupuo, kitatoa kama 157 kwa muda huohuo. Vitumbua zaidi ya 50 vimepotea, na rojo halijapungua hata kijiko. Wateja wa asubuhi hawasubiri: mwanafunzi anawahi kengele, na dereva wa bodaboda anawahi abiria.

Sokoni kuna bidhaa za aina tatu. Ya kwanza ni kikaango cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ni kizito, cheusi, na bei yake huwa juu. Ya pili ni cha alumini ya kusubu, cheupe na chepesi, kinachotengenezwa na mafundi wa mitaani kwa alumini chakavu. Ya tatu ni kile kilichopakwa utando usioshika chakula, kinachofaa jiko la nyumbani kuliko moto wa kuni wa kila siku, kwa sababu utando huo huharibika kwa joto kali na kwa kijiko cha chuma.

Alumini hupitisha moto haraka, na wapishi wengi huipenda kwa sababu hiyo na kwa bei yake. Lakini kwa ujazo uleule, chuma hutunza joto zaidi, kwa takriban theluthi moja. Rojo la baridi likiingia, chuma hakitetereki sana. Na kuni zikiwaka kupita kiasi, kitumbua hakiungui chini kabla ya kuiva katikati. Kwa mpishi wa kuni, ambaye hana swichi ya kupunguza moto, hilo ndilo analolipia.

Kwa nini basi mafundi wetu wanasubu alumini na si chuma? Jibu liko kwenye tanuru. Alumini huyeyuka kwa nyuzi joto 660, kiwango kinachofikiwa kwa mkaa na feni. Chuma cha kusubu, chenye kaboni ya zaidi ya asilimia 2, huhitaji nyuzi joto zipatazo 1,150 au zaidi. Hapo tanuru la uani halitoshi. Panatakiwa mtambo, umeme au makaa maalumu, na mtu anayejua kupima mchanganyiko. Teknolojia yenyewe ni ya kale: Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga mwaka 1707. Mafundi wetu wanaufahamu mchanga huo vizuri. Kilichowashinda ni gharama ya moto.

Na Kilombero haikuwa ngeni kwa kazi hii. Wakati reli ya TAZARA inajengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, Mang'ula, kwenye njia ya Kidatu kwenda Ifakara, palikuwa na karakana kubwa ya kuhudumia ujenzi. Baadaye karakana hiyo ikawa kiwanda cha umma cha Mang'ula Mechanical and Machine Tools, chenye kazi ya kutengeneza mashine na vipuri. Kikapita kwenye ubinafsishaji, kikazorota, na mpango wa kukifufua ukaangukia kwa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Shirika hilohilo ndilo lililokabidhiwa mradi wa chuma wa Liganga, wilayani Ludewa, unaotajwa kuwa na akiba ya tani milioni 126 na ambao umezungumzwa kwa miaka mingi kuliko ulivyochimbwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, chuma chakavu cha bondeni kinaondoka. Wanunuzi hupita mitaani na mizani, wakikusanya majembe yaliyokwisha, vipande vya matrekta na injini za mashine za kukoboa. Mzigo wa namna hiyo huishia kwenye viwanda vinavyouyeyusha kuwa nondo. Injini kuukuu ina chuma cha kusubu tayari, malighafi ileile ya kikaango. Bonde linauza chuma kwa kilo, kisha linanunua chuma kwa kipande.

Kuna suala la afya ambalo mnunuzi wa jumla hapaswi kulipuuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo, na takriban theluthi moja vilionekana kuweza kumwingizia mlaji madini ya risasi. Chanzo ni chakavu chenyewe: vipande vya injini, betri na vyuma vya elektroniki huyeyushwa pamoja. Chuma kina sifa ya kinyume. Jaribio lililofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 lilionyesha kuwa watoto waliolishwa chakula kilichopikwa kwenye vyungu vya chuma walipungukiwa damu kidogo kuliko wale wa vyungu vya alumini. Kitumbua peke yake hakitatibu upungufu wa damu, lakini hoja ya chuma inapata uzito wa pili.

Anayenunua ajue kupima. Sumaku hunasa chuma na hainasi alumini. Kikaango kigongwe kidogo kwa kijiko: kikilia kama kimepasuka, kirudishwe. Mashimo yawe na kina kimoja, vinginevyo vitumbua vya mkupuo mmoja havitaiva kwa pamoja.

Matunzo ndiyo yanayoamua kama fedha hiyo imezikwa au imewekezwa. Kikaango kipya huoshwa kwa sabuni na maji moto kuondoa mafuta ya kiwandani, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta ya kula kiasi cha kung'aa tu, kisha kichomwe hadi moshi utoke na ukome. Kazi hiyo irudiwe mara tatu au nne. Mafuta yakichomeka hivyo hugeuka utando mgumu mweusi unaozuia kutu na kushika kwa chakula. Kosa la kawaida ni kumwaga mafuta mengi, ambayo hugeuka gundi.

Baada ya kazi, kikaango kifutwe kingali na joto. Kikihitaji maji, kisilowekwe usiku. Kioshwe kwa dodoki, kikaushwe kwenye makaa na kupakwa mafuta. Maji baridi yasimwagwe kwenye chuma cha moto, na kisidondoshwe kwenye sakafu ya saruji, maana chuma cha kusubu hupasuka, na kukichomelea si kazi ya kila fundi. Mchuzi wa nyanya, ndimu au ukwaju usipikiwe humo, kwa kuwa ukali wake hula utando.

Ifakara ina adui wa ziada: unyevu. Bonde ni la joto na mvua nyingi, na Mto Lumemo ukifurika, maji huingia hadi kwenye makazi. Katika masika kikaango kitundikwe, kisiwekwe sakafuni. Kikipata kutu kisitupwe. Kisuguliwe hadi chuma kionekane, kisha kichomwe upya na mafuta.

Mabadiliko ya nishati nayo yanakipa chuma nafasi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Chuma hufaa kwa kuni, mkaa, gesi na hata majiko ya umeme ya sumaku, ambayo sufuria ya kawaida ya alumini haiyawezi. Mama lishe anayenunua chuma leo hatalazimika kukitupa atakapohamia gesi.

Hivyo soko lipo, malighafi ipo na historia ipo. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, inaweza kukusanya mafundi wa alumini wa Ifakara na kuwafunza kusubu chuma kwenye tanuru moja la pamoja. Halmashauri ya Mji wa Ifakara nayo ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo sheria imeitenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kumi wapika vitumbua kikikopeshwa vikaango viwili viwili vya chuma, kitarejesha deni kwa bidhaa inayouzwa kila asubuhi kwa fedha taslimu. Maofisa maendeleo ya jamii waanzie hapo, kabla ya kubuni miradi mingine.