Makumbusho ya Lamu na Maana ya Maneno

Neno “makumbusho” limetokana na kitenzi “kumbuka” kwa njia ya “kumbusha”; kwa asili basi si jina la jengo, bali la mambo yatiayo kumbukumbu. Makumbusho ya Lamu, yaliyofunguliwa mwaka 1971 katika jumba lielekealo bahari, yamfaa sana mchunguzi wa lugha, kwa kuwa humwonyesha vitu ambavyo kamusi humpa majina yake tu.

Mfano mmoja ni siwa. Kamusi yaweza kusema kuwa siwa ni baragumu kubwa, na msomaji akaridhika. Lakini akiiona siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu na kufikia yapata mita 2 kwa urefu, na ile ya Lamu iliyo ya shaba, atatambua kuwa chombo hicho kilikuwa dalili ya enzi. Hakikupulizwa kwa kila jambo, ila kwa shughuli za wakubwa, kama vile harusi na kutawazwa. Pasipo habari hiyo, maana ya neno ni nusu.

Mfano wa pili ni nyumba ya mawe ya karne ya 18, iliyotengenezwa upya mjini humo ili wageni waione. Mtu hupita daka, tekani na kiwanda, akafika msana wa tini, kisha msana wa yuu, na mwisho ndani. Matamshi ni ya Kiamu: “tini” ni “chini” na “yuu” ni “juu” katika Kiswahili sanifu. Asiyeiona nyumba atadhani kuwa msana wa yuu uko ghorofani. Kumbe misana yote miwili imo katika ghorofa moja, ila wa yuu uko ndani zaidi, na sakafu yake imeinuliwa kidogo. Kadiri mtu aingiavyo ndivyo apandavyo, na ndivyo awaachavyo wageni nyuma na kukaribia mahali pa wenyeji wenyewe.

Huko ndani ndiko ziliko zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa. Umoja wake ni “kidaka”, na kiambishi “zi-” ni “vi-” ya Kiswahili sanifu. Mhariri akiandika “vidaka” hakosi kwa sarufi, lakini amekwisha kuliondoa neno kwao.

Mji Mkongwe wa Lamu uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta zikibomoka zaweza kujengwa tena kwa mawe na chokaa. Majina ya vyumba yakisahauliwa na wenyeji hayana fundi. Kwa hiyo mtunga kamusi hana budi kuyaandika pamoja na mahali pake, maadamu wako wanaoyatamka.