Uvimbe Kwenye Ngozi ya Mbwa: Namna ya Kuzikabili Siku za Kungoja Majibu

Mara nyingi mfugaji huugundua uvimbe kwa mkono kabla ya jicho: anapomwogesha mbwa wake, anapomtoa kupe au anapompapasa shingoni. Tangu hapo neno saratani humkaa moyoni. Wapo wanaokata tamaa siku hiyo hiyo, wakamhesabu mnyama kuwa amekwisha kufa. Wapo pia wanaoamua kungoja waone kama uvimbe utakua. Njia zote mbili zina hasara, kwani huamua jambo ambalo bado halijajulikana.

Si kila uvimbe ni saratani. Kwa mbwa wenye umri mkubwa, vinundu vya mafuta chini ya ngozi ni vya kawaida na aghalabu havina madhara. Kwa mbwa wachanga hutokea kinundu chekundu kiitwacho histiositoma, ambacho mara nyingi hutoweka chenyewe. Hata hivyo, uvimbe wa seli za masti, ambao ni miongoni mwa saratani za ngozi zinazowapata mbwa mara nyingi zaidi, huweza kufanana na vyote hivyo. Huweza hata kuvimba leo na kunywea kesho, kwa kuwa seli zake humwaga histamini zinaposuguliwa. Kunywea huko humfanya mwenye mbwa adhani kuwa ugonjwa umepona.

Kwa sababu hiyo, hata daktari wa mifugo mwenye uzoefu mkubwa hawezi kutoa hukumu kwa kuangalia au kupapasa tu. Uvimbe unaofikia sentimita 1, au uliodumu kwa mwezi 1, unastahili kupimwa. Daktari huchoma sindano nyembamba, akavuta seli chache, akazipaka kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Mara nyingi mbwa hahitaji dawa ya usingizi. Majibu yasipokuwa wazi, hukatwa kipande kidogo cha nyama na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia.

Hata saratani ikithibitishwa, bado kuna maswali ya kuuliza. Ni ya aina gani? Imesambaa? Mbwa ataishi maisha gani akitibiwa, na maisha gani asipotibiwa? Gharama ni kiasi gani? Uvimbe wa seli za masti wa daraja la chini, ukiondolewa wote kwa upasuaji, mara nyingi haurudi. Melanoma iliyoota kwenye ngozi yenye manyoya aghalabu si ya hatari, ilhali ile ya kinywani au kwenye shina la kucha huwa kali. Uvimbe mdogo pia ni rahisi zaidi kuukata, hivyo kuwahi humpunguzia mfugaji gharama.

Wakati wa kungoja majibu, upime uvimbe kwa rula, uupige picha na uandike tarehe. Usiuminye, usiufunge uzi, wala usiupake dawa za kuunguza. Usimpe mbwa dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni au diklofenaki, kwani huweza kudhuru tumbo na figo zake. Mwache ale, acheze na atembee kama kawaida. Yeye hana habari ya neno linalokutia hofu. Watoto waelezwe ukweli kwa maneno mepesi, na wahakikishiwe kuwa saratani hii haimwambukizi binadamu.

Ikiwa tiba haiwezekani, bado ipo kazi ya kufanya: kutuliza maumivu, kusafisha vidonda, na kuzungumza na daktari mapema kuhusu siku ambayo mateso yatazidi raha, ili mnyama apumzishwe bila maumivu. Uamuzi huo ni mzito, na familia huuchukua kwa utulivu zaidi ikiwa imeujadili kabla siku yenyewe haijafika.