KICHOMI KWA MWENYE UKIMWI: ASKARI WA MAPAFU WANAPOPUNGUA NA WANAPORUDI



Wanajumuiya wanaotembelea wagonjwa wanalijua jambo hili. Mgonjwa wa UKIMWI aliyekonda na kukohoa anaanzishiwa dawa za kupunguza makali. Anapata nafuu kidogo. Wiki ya tatu au ya nne homa inarudi na pumzi inambana kuliko mwanzo. Majirani wanasema, "Dawa zinamuua," naye anaziacha. Ili tuelewe kwa nini asiziache, tutazame kwanza ndani ya kifua chake.

Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na kila pumzi huingiza vumbi na vijidudu. Kwa hiyo Mungu ameweka humo walinzi. Wa kwanza ni chembe kubwa ziitwazo makrofeji, ambazo kazi yake ni kumeza: humeza vumbi, moshi wa kuni na bakteria, nasi hatusikii lolote. Vijidudu vikizidi, makrofeji hutoa taarifa, na chembe nyeupe nyingine huja kwa njia ya damu. Wanaotoa amri katika vita hiyo ni chembe ziitwazo CD4.

Virusi vya UKIMWI huwashambulia hasa hao watoa amri. Lakini hata makrofeji hazisalimiki. Huko Blantyre, Malawi, wachunguzi waliosha mapafu ya watu wenye virusi kwa maji ya chumvi, wakatazama chembe zilizotoka. Mwaka 2014 walieleza kwamba virusi vilikuwa vimeingia ndani ya makrofeji, hasa zile ndogo, na kwamba zilizoambukizwa hazikumeza vizuri. Mlinzi yupo mlangoni, lakini mdomo umefungwa.

Ndiyo maana kichomi cha bakteria, kile cha homa kali ya ghafla na maumivu ya ubavu, humpata mwenye virusi mara nyingi kuliko wengine, hata kama CD4 zake bado ni nyingi. Zikishuka chini ya 200, huingia kichomi kingine kinacholetwa na kuvu aitwaye Pneumocystis. Hiki huja polepole: kikohozi kikavu, na pumzi inayopungua wiki hadi wiki. Ni kichomi hiki kilichowapata vijana watano wa Los Angeles, Marekani, ambao habari zao za Juni 1981 zilikuwa taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu UKIMWI.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitazamii. Katika kichomi hicho cha kuvu, sehemu kubwa ya madhara hufanywa na askari wenyewe. Wanapopigana ovyo, mapafu huvimba, vifuko hujaa majimaji na hewa hukosa njia. Kwa sababu hiyo daktari humpa aliyezidiwa prednisoloni pamoja na dawa ya kuua kuvu. Ndugu hushangaa: mbona anapewa dawa ya kupunguza kinga? Ni ya kutuliza vita ili mgonjwa apumue.

Turudi kwa yule wa wiki ya tatu. Dawa zimepunguza virusi, na CD4 zinaongezeka. Zinaporudi kifuani zinakuta vijidudu vilivyojificha, mara nyingi vya kifua kikuu, na vita inaanza upya kwa nguvu. Homa na kubanwa vyaweza kuwa ni kinga inayoamka. Vyaweza pia kuwa ugonjwa mpya, au kifua kikuu ambacho hakikugunduliwa. Nyumbani hatuwezi kutofautisha, wala jirani hawezi. Arudishwe hospitali siku hiyo hiyo na dawa zake zote mkononi, akiendelea kuzimeza mpaka daktari aseme vingine. Kwa kawaida huendelea nazo, huku akitibiwa kile kilichoonekana.

Neno moja kwa akina mama. Kuvu huyu huwapata sana watoto wachanga walioambukizwa, hasa wa miezi mitatu hadi sita. Kwa hiyo mtoto wa mama mwenye virusi huanzishiwa kotrimoksazoli, yaani Septrin, akiwa na wiki sita hivi. Haiachwi kwa sababu mtoto amenenepa. Huachwa pale kliniki inapothibitisha, baada ya kuacha kunyonya, kwamba hana virusi. Akipumua haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, msingoje asubuhi.