Mtama wa Chumvi Moro: Ubao Itasanda

Moro ya mtaa tunaijua. Chai imejaa sukari, mandazi mbili za fasta, unadandia mathree ya tao. Kufika saa nne ubao ishakushika, na time ya kumanga lunch bado. Unga mweupe na sukari huisha mwilini mbio, ndo maana macho inaanza kuwa nzito ukiwa jobo. Dawa iko: mtama mzima wa chumvi, ndengu na mboga juu. Hapo hakuna nyama wala maziwa, na bado unashiba ile mbaya.

Mtama ni wetu kitambo. Ulianza kulimwa hii Afrika, na unavumilia jua kuliko mahindi. Shosho zetu ocha wameumanga maisha yote. Umoja wa Mataifa hata ukaifanya 2023 kuwa mwaka wake, pamoja na wimbi.

Cheki vile unaivisha. Pitia maduka ya nafaka Nyamakima, hapo tao Nairobi, beba mtama ambao haujasagwa. Chambua mawe, osha, loweka usiku mzima. Ndengu loweka kando. Kikombe moja ya mtama, maji vikombe tatu, chumvi kiasi, moto mdogo kama saa moja hivi. Punje zikianza kupasuka na bado ukizitafuna unazisikia kwa meno, epua. Ndengu ni kama nusu saa tu.

Kaanga kitunguu na nyanya, tupa managu ama terere, geuza kidogo, toa ikiwa bado kijani. Sasa panga bakuli: mtama chini, ndengu, mboga, slaisi za avo, njugu karanga umeponda, dhania na pilipili. Kamua ndimu juu, na hiyo usiruke. Vitamini C inasaidia mwili kushika madini ya chuma yenye iko kwa ndengu na managu. Chai nayo ipee kama saa moja ndo unywe, juu inazuia hayo madini.

Uko na friji? Chemsha mtama na ndengu ya siku tatu, kila moro unapasha tu. Kama huna, pika ya siku hiyo, iachie moto ukioga na kuvaa.

Msee wa mjengo, wa boda na wa chuo wote wanadai dishi ya kukaa tumboni. Ongea na jirani wa ploti, mchange gorogoro moja ya mtama, mgawane. Mboga iko kwa mama mboga hapo geti. Anzeni Jumatatu.